Chumba cha Kufulia: Mwongozo kwa Mkazi wa Waithaka Asiye na Chumba

Ikiwa umeamua kununua mashine ya kufua nguo na nyingine ya kukausha, na unaishi Waithaka, hapa Nairobi, basi una pesa au una imani. Mimi nilikuwa na imani. Pesa zilikuwa za chama.

Mwongozo huu nimeuandika ili usirudie makosa yangu. Tafuta yako mwenyewe, yapo tele.

Hatua ya kwanza: tafuta chumba

Yale majarida ya nyumba yanayorundikwa kwenye meza za saluni huonyesha chumba cha kufulia chenye kabati nyeupe, dirisha linalotazama bustani, na kikapu cha ukindu ambacho hakijawahi kunusa soksi. Kata picha hiyo uibandike ukutani. Chumba chako cha kufulia ndicho hicho. Kitazame kila unapofadhaika.

Zamani Waithaka ilikuwa na nafasi. Kwa Kikuyu, ithaka ni mashamba, na wazee wa hapa bado watakuonyesha kwa kidole mahali palipokuwa na mahindi, ng'ombe wawili na mparachichi. Ukifuata kidole unaona ghorofa. Shamba la baba liligawiwa wana, wana wakalikata ploti, ploti zikajengwa vyumba, na sasa sisi wapangaji tunagawanya vyumba kwa pazia. Jikoni kwangu kuna pembe nne na zote zina wenyewe: sinki, jiko la gesi, friji na mitungi ya maji. Mashine ilipokuja, friji ilihamia sebuleni, na mpaka leo wageni hudhani tunajigamba.

Kabla ya kulipa, pima. Mashine ya kawaida yenye mlango wa mbele ina upana wa sentimita 60, kimo cha 85, na kina kati ya 50 na 60 kulingana na kilo za nguo inazomeza. Pima mlango wa jikoni. Pima ngazi, hasa pale zinapokunja kona. Kisha muulize muuzaji uzito, maana hilo hatalitaja mwenyewe. Mashine hiyo ina kilo 60 na zaidi, na sehemu ya uzito huo ni zege. Ndiyo, zege. Watengenezaji huliweka ndani ili mashine isiruke inapokamua nguo. Kwa hiyo nililipa vijana wanne wa mkokoteni kupandisha zege hadi ghorofa ya tatu ya jengo ambalo, nikizitazama nyufa zake, naona lingefaidika zaidi kama zege hilo lingetiwa mapema.

Mashine yangu niliinunua barabara ya Luthuli, mjini, ile iliyopewa jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Amani. Amani nilikuwa nayo mpaka nilipofika nyumbani. "Chomeka tu, mkubwa," muuzaji aliniambia. Hakusema kuwa nyuma ya mashine kuna boliti nne ndefu zinazoshika pipa lisitikisike safarini, na kwamba lazima zifunguliwe kabla ya kuiwasha. Kijitabu kilisema, lakini nani husoma kijitabu? Nilichomeka tu. Nguo zikaloa, zikazunguka kwa upole, nikaita familia ije ione. Ilipofika zamu ya kukamua, mizunguko 1,200 kwa dakika, mashine ilinguruma, ikaruka, ikaanza kutembea. Ilipita karibu na jiko, ikasukuma mlango, na ilikuwa ikielekea sebuleni kumwona friji waya wake ulipoikatiza safari. Jirani wa chini alipanda akiwa na taulo kiunoni kuuliza kama tunasaga mahindi.

Kuhusu kuzipanga: mashine ya kukausha hukaa juu, ya kufua chini, kamwe si kinyume chake. Nunua pia kile chuma cha kuziunganisha, maana bila hicho ya juu itakushukia. Zikipandana hufikia kimo cha mtu. Juu kabisa hapo utaweka sanduku la nguo za baridi, sufuria ya harusi na mti wa Krismasi wa plastiki. Usiniulize kwa nini, utaviweka tu.

Hatua ya pili: maji

Hatua hii itakuja maji yakija. Kwa sasa endelea na ya tatu.

Hatua ya tatu: stima

Soketi ya ukutani hubeba ampea 13. Kwa volti zetu 240, hiyo ni takriban wati 3,100. Mashine ya kufua inapochemsha maji hula wati 2,000 hivi, na ya kukausha, yaani draya, hula 2,000 na kitu. Ukizichomeka zote kwenye ile ekstensheni inayobeba televisheni, ruta na chaja tatu, utasikia harufu kama ya samaki aliyeungua. Huyo si samaki. Ukiwa na bafu la maji moto la kuwashwa kwa stima, jumlisha pia. Kwangu tuliishia kuwa na ratiba: mtu akioga, nguo zinangoja, nguo zikifuliwa, mtu anabaki na jasho lake.

Labda una shemeji Marekani ambaye ameahidi kukutumia seti nzima kwa kontena. Mshukuru, mwombee, kisha mwambie atume viatu. Mashine ya kufua ya huko imeundwa kwa volti 120 na mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde, yetu ni 240 na 50. Utaichomeka mara moja tu. Baada ya hapo ni stuli.

Sasa tupige hesabu. Draya ya kawaida hutafuna uniti 3 hadi 4 kwa mzigo mmoja kamili. Nyumba yenye watoto hufua mizigo 4 kwa wiki, ukijizuia. Kwa mwezi ni zaidi ya uniti 50, na hapo hujachemsha chai. Tangu Aprili 2023 daraja la chini kabisa la bei ya stima nyumbani ni la wale wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, na la pili linaishia 100. Draya, peke yake, inakupandisha daraja. Ni njia ya haraka ya kuingia tabaka la kati kuliko zote nizijuazo.

Halafu kuna siku stima inapotea. Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, usiku, nchi nzima ilizima. Wengine walikuwa uwanja wa ndege, wengine hospitalini, na wana haki ya kulalamika kunizidi. Mimi nilikuwa na shati jeupe ndani ya mashine, la kuvaa kesho yake kwenye ruracio, sherehe ya mahari. Mashine ya mlango wa mbele hufunga komeo ikiwa na maji tumboni, na haifungui bila stima. Kuna kifuniko kidogo chini, pembeni, kinachofunguliwa maji yatoke. Kiko vidole vitatu tu kutoka sakafuni. Ndoo haiingii, karai haliingii, hata sufuria haiingii. Kinachoingia ni sahani. Nilikamua zaidi ya lita 10 kwa sahani, nimelala kifudifudi, tochi ya simu mdomoni, mke wangu akihesabu sahani kwa sauti. Tulifika ruracio. Shati lilikuwa na unyevu, na wakwe walidhani ni jasho la heshima.

Hatua ya nne: draya, au paa

Draya zipo za aina tatu. Ya kwanza hutoa mvuke kwa paipu, nayo hutaka tundu ukutani la upana wa sentimita 10. Ukuta si wako, na dipoziti iko kwa mwenye ploti. Ya pili huugeuza mvuke kuwa maji na kuyakusanya ndani ya kikopo, lita mbili tatu kila mzigo, safi ya kutia kwenye pasi. Waithaka hicho ni kisima, naomba tusikidharau. Ya tatu hufanya hivyo hivyo kwa nusu ya stima ya wenzake, ila bei yake itakufanya ukae chini. Kaa juu ya ile stuli ya shemeji.

Lakini draya unayo tayari. Iko juu ya paa, ina kamba saba, na kodi yake imo ndani ya kodi yako. Inachohitaji ni kuielewa.

Paa la ploti lina serikali yake. Kamba za katikati ni za wapangaji wa zamani, nazo hurithiwa kama mashamba ya chai. Mpangaji mgeni huanzia kamba ya mwisho, ile iliyo karibu na tangi, ambako jua hufika saa nane na kuondoka saa tisa. Ukianika jinzi, igeuze ndani nje. Nguo za ndani hufichwa katikati ya shuka mbili, na jirani mwenye adabu hatazami kati ya shuka mbili. Pegi hazina mwenyewe. Nilinunua 24 mwezi Januari, za rangi ya machungwa makusudi ili nizitambue, na kufikia Pasaka nilikuwa nikizitambua kwenye nguo za nyumba tano tofauti.

Keteka, yaani msimamizi wa ploti, ndiye mwenye ufunguo wa paa. Saa ya kufungua anaijua yeye na Mungu. Kukiwa na kisa cha suruali iliyotembea bila mwenyewe, paa hufungwa wiki nzima, na ngazi zote hujaa nguo kama bendera za sikukuu.

Kisha Julai. Watu wa pwani hawataelewa sehemu hii. Kule Lamu unaanika kanga, unageuka kusalimia mtu, unaigusa, imekauka. Sisi tuko juu ya mita 1,800 kutoka baharini. Kuanzia Juni wingu hukaa juu yetu hapa Dagoretti kama mgeni asiyeaga, na soksi ya mtoto hukauka kwa siku tatu. Siku ya pili inaanza kunuka. Siku ya tatu unaivaa hivyo hivyo, maana shule haingoji.

Na hapo ndipo mashine zinaposhindwa na Kiswahili. Tunaloweka, tunafikicha, tunafua, tunasuuza, tunakamua, tunaanika, tunaanua, tunakunja, tunapiga pasi. Mashine ya bei kubwa itakuahidi kwa kitufe kimoja kuloweka mpaka kukamua. Kuanua haiwezi. Kuanua ni kazi ya ploti nzima. Unakuwa umekaa zako saa tisa alasiri, giza linatanda upande wa Ngong, matone mawili yanagonga bati, na mtu wa ghorofa ya kwanza anapaza sauti: "Mvua! Anueni!" Milango yote inafunguka kwa pamoja. Watu wanapanda ngazi mbio, wengine wana unga mikononi, mmoja ana mtoto mgongoni. Unavuta chochote kilicho mbele yako, chako au si chako, unakumbatia, unateremka. Upangaji hufanyika baadaye, mlango kwa mlango: "Hii shuka ni yako?" "Hapana, ya wale wa nambari saba, lakini hiyo soksi niachie." Hivyo ndivyo nilivyojua majina ya majirani zangu. Miezi sita ya kwanza nilijua chupi zao tu.

Maji yamekuja. Turudi hatua ya pili

Nairobi hunywa hasa kutoka bwawa la Ndakaini, huko Murang'a, lililokamilika 1994 na lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70. Mvua zilipokosea, mwanzoni mwa 2017, jiji lilianza mgao wa maji, na neno mgao limebaki katika msamiati wetu kama jamaa aliyekuja kulala usiku mmoja. Kinachochekesha ni kwamba chemchemi za Kikuyu, ambazo ni kati ya vyanzo vya kwanza kabisa vya maji ya mji huu, ziko safari fupi ya matatu kutoka kwetu. Maji yanatupita kwenda mjini na hata salamu hayatoi.

Ndiyo maana kila ploti ina tangi jeusi juu. Sasa fikiri pamoja nami. Mashine nyingi za kisasa hutaka maji yaingie kwa msukumo wa angalau nusu baa. Kila mita 10 za kimo huzaa baa moja, kwa hiyo tangi sharti liwe mita 5 juu ya mashine. Mpangaji wa chini kabisa anazo. Mimi wa ghorofa ya juu, niliye karibu na tangi kuliko wote, ninayelisikia likijaa usiku kama mtu anayepiga mswaki, nina mita mbili. Mashine yangu ilikuwa ikivuta maji huku ikilia kama paka mwenye mafua, kisha inaandika herufi na nambari kwenye kioo. Kijitabu (sasa nilikuwa nakisoma) kilifasiri: hakuna maji. Fundi akaniwekea pampu.

Pampu ilifanya kazi vizuri. Tatizo ni paipu ya kutoa maji machafu. Ncha yake inatakiwa ipande sentimita 60 hadi 100 kutoka sakafuni kabla ya kuteremka. Fundi aliilaza chini, kwenye tundu la sakafu, ikae nadhifu. Paipu ikilala chini, maji hutoka yenyewe yanapoingia, mashine hudhani bado ina kiu, na huendelea kuagiza. Ilikuwa Alhamisi, siku ya maji. Nilibonyeza kitufe nikaenda kununua mkate. Mazungumzo ya dukani yalikuwa matamu. Niliporudi, tangi la ploti nzima, maji ya familia 16, ya siku tatu, yalikuwa yamepita ndani ya mashine yangu, yakasuuza kwa upole mashati manne, yakaenda zake mtoni.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mimi niliyavulia nguo za ploti nzima, na wa kuoga hakuna. Kikao kiliitishwa ngazini jioni hiyo hiyo. Nililipia maji ya bowsa, na wazo la kuiuza mashine halikuwa langu, ingawa nililiunga mkono kwa haraka.

Basi, hatimaye: uchague ipi?

Nunua ile ya mapipa mawili, ya plastiki, ambayo wauzaji wa Luthuli huiweka nyuma ya duka kwa aibu. Pipa moja linafua, la pili linakamua. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ile yenye mlango wa mbele. Haina zege, watu wawili huibeba. Haihitaji msukumo: unaimiminia maji kwa ndoo, mtungi baada ya mtungi, na maji ya kusuuzia nguo nyeupe unayatumia tena kufulia jinzi, kisha kuosha ngazi. Stima ikipotea unafungua kifuniko, unatoa shati lako, unaendelea na maisha. Na sabuni yoyote inaingia. Ile ya mlango wa mbele ina sabuni yake isiyotoa povu jingi. Ukiitilia unga wa kufulia kwa mkono itakutapikia povu mpaka sebuleni.

Draya iache dukani. Pipa la kukamua huzunguka zaidi ya mara 1,000 kwa dakika, na nguo hutoka humo ikiwa na unyevu tu. Hata Julai, ukianika asubuhi, jioni unaanua. Hiyo ndiyo draya ya Waithaka.

Limebaki jambo moja nililopaswa kuanza nalo, yaani mama fua. Alikuwa akija kwangu kila Jumamosi miaka minne kabla ya mashine yoyote, na siku ile ya kwanza, mashine ya zege ikiwa bado inang'aa, alisimama mbele yake na karai lake mkononi.

"Baba, hii inajua kola?"

"Inajua, mama."

"Na soksi nyeupe ya mtoto aliyecheza mpira kwa huu udongo mwekundu?"

Nikasema mashine ina programu. Akangoja saa moja na nusu, akatoa shati, akaitazama kola, akaitazama soksi, hakusema neno. Akajaza karai lake, akachukua kipande cha sabuni, akaanza kufikicha. Niliona aibu kwa niaba ya mtengenezaji.

Hii ya mapipa mawili niliyonunua baadaye ameikubali. Kola na magoti anaanza nayo kwa mkono, kisha anatia vyote ndani, anageuza kitasa, na wakati mashine inazunguka anafua za mtu mwingine. Mwezi wa pili alikuja na nguo za jirani wa nambari saba, "zikamuliwe tu, Baba, ni dakika tano." Mwezi wa tatu alikuja na tokeni za stima alizonunua mwenyewe na daftari la wateja. Sasa jikoni kwangu Jumamosi kuna nguo za watu ambao sijawahi kuwaona, zimefungwa kwenye mashuka, kila fundo na jina lake.

Kwa hiyo ukiwa Waithaka na una nguo za kukamua, usinipigie mimi. Mwone yeye mapema, saa kumi na mbili asubuhi, kabla daftari halijajaa. Mimi Jumamosi hii ni wa nne kwenye foleni.